Unarudi ulingoni baada ya miaka mingi? Malizana kwanza na mizani

Mabondia wa rika langu wanaotaka kurudi ulingoni hunitafuta, na karibu wote huanza na habari ya pumzi. Wakimbie umbali gani, waruke kamba muda gani, wacheze sparingi, yaani ngumi za mazoezi, na vijana au na wazee wenzao. Mimi huwarudishia swali: utapigana kilo ngapi? Wengi hawafikirii hata kidogo, wanataja uzito ule ule waliokuwa nao siku walipotundika glovu. Hapo ndipo tunapoanza kubishana.

Nilicheza ngumi za kulipwa uzito wa light, ambao kikomo chake ni kilo 61.2. Nikaacha, nikashika mambo mengine, nikanenepa kama anavyonenepa mwanaume yeyote anayekula vizuri kwake. Niliporudi nikikaribia miaka arobaini nilirudi welter, kilo 66.7, yaani madaraja mawili juu. Promota mmoja akanipigia simu: "Kaka, jina lako liko light. Huko welter nani anakujua?" Alikuwa na kijana wake wa light ambaye bado hajajulikana, na alitaka jina langu limpandishe. Nikamwambia jina lipo, ila mwili wa kulibeba kwenye kilo hizo haupo tena. Akitaka tufanye kazi aje na mkataba wa kilo 66. Hakuja. Akaja mwingine.

Sikufanya hivyo kwa ujanja wangu. Kocha wangu, mzee aliyenilea tangu ngumi za ridhaa, alikataa kunifunga bandeji mpaka tukubaliane kilo. "Mwanangu," aliniambia, "ukitaka light tafuta kona nyingine, makocha wengine wa kukusimamia."

Ukiwa na miaka 22 unaweza kushusha kilo nne wiki ya mwisho, ukapima Ijumaa umekauka kama dagaa, na Jumamosi ukapigana raundi kumi. Ukifika miaka 37 hesabu imebadilika. Kuanzia miaka ya thelathini mwili huanza kupoteza msuli kidogo kidogo hata bila diet, kwa hiyo ukishusha uzito kwa pupa unamaliza msuli ambao tayari ulikuwa unapungua, na mafuta yanabaki. Utaisikia kwanza kwenye miguu. Mikono bado inakumbuka kazi, jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, inatoka, lakini ukitaka kupiga hatua ya pembeni mguu unachelewa. Halafu kuna maji. Jasho linatoka kwenye damu. Ukikauka, damu inapungua, moyo unalazimika kupiga kwa kasi zaidi, na mwili unashindwa kujipoza. Nenda kakimbie na koti la nailoni Dar es Salaam mwezi Februari, saa saba mchana, utanielewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa bondia Mmarekani, Oscar De La Hoya. Tarehe 6 Desemba 2008, akiwa na miaka 35, alipigana na Mfilipino Manny Pacquiao mjini Las Vegas kwa kikomo cha welter. De La Hoya alikuwa hajapigana kwenye kilo hizo tangu 2001. Miaka yote hiyo alikuwa juu, amewahi kufika hadi uzito wa kati. Pacquiao alikuwa anapanda kutoka chini, na kabla ya pambano watu wengi walisema ni uonevu, mtu mkubwa anampiga mtoto. Siku ya kupima, De La Hoya akasoma kilo 65.8, karibu kilo nzima chini ya kikomo. Ukiona hivyo kwa bondia mkubwa wa mwili, shtuka. Maana yake mwili umepita pale alipopanga na umeshindwa kurudi. Usiku wa pambano wenyewe, Pacquiao, yule "mdogo", ndiye aliyepanda ulingoni akiwa mzito kidogo kumzidi. De La Hoya alisimama mbele yake akipokea ngumi bila majibu, na baada ya raundi ya nane kona yake ikasimamisha pambano. Hakupigana tena. Kulitazama pambano hilo kwa jicho la bondia ni kazi ngumu, kwa sababu unaona macho yake yanaiona ngumi inakuja ila mwili haupokei amri.

Bondia Mmarekani Roy Jones naye. Machi 2003 alipanda hadi uzito wa juu akamshinda John Ruiz, akiwa na kilo kama 87. Novemba mwaka huo huo akashuka tena mpaka kilo 79.4 kumkabili Antonio Tarver. Alishinda kwa pointi lakini alimaliza hoi, na waliporudiana Mei 2004 Tarver alimlaza raundi ya pili. Wapo wanaosema ni umri tu. Nakubali umri umo, lakini ile kilo nane kupanda na kushuka ndani ya mwaka kwa mtu wa miaka 34 siwezi kuipuuza.

Sasa mtazame Pacquiao huyo huyo. Julai 2025, akiwa na miaka 46, alirudi baada ya karibu miaka minne, akapigana raundi 12 na aliyekuwa bingwa wa welter wa WBC, Baraza la Ngumi Duniani, wakati huo, Mario Barrios, wakatoka sare. Aliyeanza ngumi za kulipwa mwaka 1995 akiwa hafiki hata kilo 49 hakurudi kutafuta kilo za ujana wake. Alirudi kwenye uzito ambao kwake hauhitaji kujinyima maji. Na George Foreman, bondia Mmarekani wa uzito wa juu, aliporudi Machi 1987 baada ya miaka kumi, alipima kilo kama 121. Uzito wa juu hauna kikomo, kwa hiyo hakuna aliyemkimbiza. Alishuka taratibu kadiri alivyoendelea kupigana, na alipomlaza Michael Moorer mwaka 1994 akiwa na miaka 45 alikuwa na kilo 113.

Basi utaujuaje uzito wako wa sasa? Kabla hujaanza mazoezi makali, pima kila asubuhi ukitoka msalani, kabla ya chai, kwa wiki nzima, kisha tafuta wastani. Tumia mizani moja, na usiiamini ya mtu anayepima barabarani kwa sarafu, zile nyingi hudanganya. Halafu nenda hospitali: presha, sukari, moyo, macho, na kichwa kama uliwahi kulazwa kwa nakauti. Daktari akisema hapana, habari ya kilo imeishia hapo hapo.

Akisema ndiyo, chagua daraja ambalo utalifikia kwa chakula na mazoezi peke yake, ukibakisha kilo moja hivi ya maji kwa siku ya mwisho, isizidi mbili. Mwendo ulio salama ni nusu kilo kwa wiki. Chukua mtu aliye na kilo 74 anayetaka welter: ana kilo saba na kidogo za kushusha, hiyo ni kama wiki kumi na nne. Promota anakupa wiki sita. Mpigie hesabu hiyo mbele yake, kwa karatasi ikibidi, na kama hasogezi tarehe basi asogeze kilo. Hii ndiyo sehemu ambayo veterani wengi hunyamaza, kwa sababu wanaogopa nafasi itaenda kwa mwingine. Promota naye anajua unaogopa.

Jikoni sina siri yoyote. Kata soda, sukari kwenye chai, chapati za asubuhi na chipsi mayai za usiku. Kula samaki, dagaa, mayai, maharage, mchicha, na ugali au wali wa ngumi yako moja. Usiruke mlo, ukiruka wa mchana utafidia usiku mara mbili. Kilichonisaidia mimi zaidi ni kitu kidogo sana: kumwomba mama watoto anipakulie kwenye sahani yangu. Tulizoea kula sinia moja na watoto na wageni, na kwenye sinia hujui umekula kiasi gani. Mwanzoni alidhani nimenuna. Watoto nao walifurahi, nyama zangu wakagawana.

Ramadhani ina mambo yake, na kwetu mapambano ya Idd Mosi na Idd Pili ni mengi. Usidhani kufunga kunakushushia kilo. Futari ya mihogo ya nazi, maandazi na uji mtamu inarudisha zote. Ukisaini pambano la Idd, fika kwenye kilo zako kabla mwezi haujaandama, kisha funga ukizilinda tu. Mazoezi mazito weka baada ya tarawehe, kunywa maji kidogo kidogo mpaka daku, na usichanganye swaumu na nailoni.

Wiki ya mwisho punguza chumvi kidogo na vyakula vinavyojaza tumbo, lakini maji endelea kunywa mpaka siku moja kabla ya kupima. Vidonge vya kukojoza achana navyo kabisa. Najua vinapatikana dukani kwa bei ya nauli, na najua kuna makocha wanaovigawa. Dawa kama furosemide zimo kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, na hata kama hakuna anayekupima mkojo, zinaondoa madini ambayo moyo unayahitaji ili kupiga sawasawa. Ukiona mtu wa kambi yako anazo, badilisha kambi.

Ukishapima, usikimbilie biriani. Anza na maji ya ORS, yale ya pakiti ya lita moja, kwa mafunda. Baada ya hapo wali mweupe na samaki, ndizi, uji mwepesi. Lala. Wengine huenda kwa muuguzi wa mtaani watundikiwe dripu. WADA wanakataza dripu ya zaidi ya mililita 100 kila saa 12 isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali, na mtu anayehitaji dripu ili asimame hana kazi ulingoni kesho yake.

Mwisho ni mkataba. Soma kilo zilizoandikwa kabla ya kusoma pesa. Kama hufiki kwenye daraja lolote bila kuumia, omba uzito wa makubaliano, yaani kilo mnazopatana wenyewe nje ya madaraja, ni jambo la kawaida na kila kambi inalijua. Hakikisha imeandikwa faini ni kiasi gani ukizidi, na ukipata nafasi, pima kwenye mizani rasmi asubuhi ili isikushangaze jioni. Ukizidi, kwa kawaida unapewa muda wa kurudi, mara nyingi saa moja au mbili. Gramu mia mbili au tatu zinatoka kwa kuruka kamba taratibu. Zikiwa kilo mbili, usivae nailoni, mwite promota mzungumze faini, na mpinzani wako aamue kama anaendelea. Mimi ningeilipa hiyo faini siku hiyo hiyo, kisha ningeenda kula.