Sampuli 12 hasi, na aibu yangu

Juzi mwanafunzi mmoja wa Bukavu aliniandikia: «Kaka, sampuli zangu 12 za maji zote zimetoka hasi kwenye kipimo cha DNA ya vimelea. Niandike kwamba maji ni safi?» Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya.

Ilikuwa hapa Goma, msimu wa mvua. Nilichota lita 10 pale ufukweni mwa Ziwa Kivu, ambapo kijana wa klorini anapiga dawa kwa sindano ndani ya kila bidoni kabla chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, haijaondoka. Dawa ile inaua kipindupindu, na namheshimu sana kijana yule. Lakini Cryptosporidium, kimelea kidogo kinacholeta kuhara, ana ganda gumu, klorini haimtishi. Kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, watu wapatao 403,000 waliugua, na maji yao yalikuwa yamechujwa na kutiwa klorini.

Nikachuja, nikagandisha na kuyeyusha mara kadhaa ili ganda lipasuke, nikatoa DNA, nikaendesha PCR, kipimo kinachonakili DNA mara nyingi mpaka ionekane. Kwenye jeli, ambapo DNA ikiwepo huonekana kama mstari, hakuna mstari hata mmoja. Furaha gani! Jioni nikamwambia mama mkuu wa avenyu yetu: «Mama, maji yetu hayana vimelea.» Akawatangazia majirani.

Wiki mbili baadaye fundi mmoja wa maabara akaniuliza: «Shahidi wako yuko wapi?» Shahidi, yaani DNA ya kimelea unayoiongeza makusudi ili kuona kama kipimo kinafanya kazi, nilikuwa nimemweka kwenye maji safi ya maabara tu. Tukamtia ndani ya sampuli ya ziwa: kimya. Tukaizimua mara 10: mstari ukang'aa. Asidi za humiki, zile zinazotoka kwenye udongo na majani yaliyooza, zilikuwa zimekifunga kimeng'enya kinachonakili DNA, kwa hiyo hata kama vimelea vingekuwamo, nisingeviona. Msimamizi wangu alinisema mbele ya wenzangu wote. Mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, weka shahidi ndani ya kila sampuli. Zimua. Ongeza albumini ya ng'ombe, protini ya damu yake, inasaidia. Usimtangazie mtu chochote kabla shahidi hajasema. Na ukipata chanya, tulia vilevile: PCR inaona DNA, haijui kama kimelea ki hai au kimekufa. Maji haya yananywewa na watoto. Ogopa kidogo unapoandika neno «safi».

Nilirudi kwa yule mama, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu: «Sasa nichemshe?» Nikasema ndiyo, mama, mpaka yatokote. Akaongeza makaa mbele yangu.