DEA imeyapa matawi karibu yote alama 1: kwangu dawa ilikuwa kutenganisha hatua

Mkuu, umesema una matawi 12 ya SACCOS, vipimo sita (vinavyoingia na vinavyotoka), na DEA, njia ya kulinganisha ufanisi wa matawi kwa vipimo hivyo, imeyapa tisa alama 1, yaani ufanisi kamili. Usishangae. Njia hii huliachia kila tawi lijichagulie uzito wa vipimo unaolipendelea, kwa hiyo vipimo vikiwa vingi kila mtu anapata pa kung'ara. Wazoefu hutaka matawi yawe angalau mara tatu ya vipimo. Kwako ni 18.

Ila kupunguza vipimo peke yake hakukutusaidia. Nilipokuwa taasisi moja ya mikopo midogo tulibishana wiki nzima: akiba za wanachama ni kitu kinachoingia au kinachotoka? Meneja wa tawi la sokoni alizihesabu kuwa zao lake, maana ndizo alizozihangaikia. Mhasibu akasema hapana, hiyo ni malighafi ya kukopesha. Wote walikuwa sahihi. Wafanyakazi na gharama huzaa akiba, kisha akiba huzaa riba na marejesho.

Tukagawa kazi hatua mbili kama watafiti Kao na Hwang, ambao mwaka 2008 walipima hivyo kampuni 24 za bima za Taiwan, kwao ada za bima zikikaa katikati. Sharti lao: kitu cha katikati kibebe uzito uleule pande zote mbili. Bila hivyo tawi litaipa akiba thamani kubwa likiikusanya, na ndogo likiitumia (ujanja wa dalali huo). Kwa sharti hilo, ufanisi wa jumla ni alama za hatua mbili zikizidishwa.

Tawi la sokoni, lililokuwa na 1, likatoka na 1 hatua ya kwanza na 0.52 ya pili. Fedha zimejaa, afisa mikopo mmoja! Tawi la kijijini tulilokuwa tukilibeza lilipata 0.80 na 0.90, jumla 0.72. Yule meneja hakunisalimia mwezi mzima.

Solver ya Excel inatosha, ila utaiendesha tawi kwa tawi. Angalia mambo mawili. Jumla ileile inaweza kugawanyika kwa namna zaidi ya moja, basi ipe hatua ya kwanza alama ya juu iwezekanavyo, kisha ugeuze, uipe ya pili alama ya juu, uone pengo. Na kama matawi yako yanapishana sana ukubwa, hadi unahitaji DEA inayozingatia tofauti hiyo, kuzidisha hakutakufaa. Tumia njia ya kujumlisha alama za hatua, ya watafiti Chen na wenzake, ya 2009.