Skani ni safi lakini mume wangu anasahau: ripoti ya nyurosaikolojia ina kazi gani kortini?

SWALI: Daktari, salaam. Mume wangu ni mtunza bohari hapa Malindi. Miezi mitano iliyopita matatu iligonga bodaboda aliyopanda, akazirai. Skani ya CT haikuonyesha kitu, lakini sasa anasahau maagizo, hesabu zinampotea, na hasira ziko karibu. Wakili wetu ataka apimwe na mtaalamu wa nyurosaikolojia. Jirani asema ajibu vibaya makusudi ili fidia iwe kubwa. Tufanyeje?

JIBU: Pole sana, dada. La jirani liacheni kabisa. Ndani ya upimaji huo wa kumbukumbu, umakini na kasi ya akili mna vipimo vya juhudi, yaani vya kuona kama mtu anajitahidi kweli. Mtu anayechagua kati ya majibu mawili kwa kubahatisha tu hupata karibu nusu. Akipata chini sana ya nusu, maana yake jibu sahihi alilijua akalikwepa. Hilo likiandikwa kwenye ripoti, hata madhara yake ya kweli hayataaminiwa.

Skani ya CT huonyesha damu iliyovuja, mfupa uliovunjika na uvimbe. Nyuzi za neva zilizochanika kwa mtikisiko ni nyembamba mno, hazionekani humo. Mtaalamu hupima kazi ya ubongo yenyewe: husoma orodha ya maneno 15 mara tano na kuyauliza tena baada ya nusu saa hivi, hutaka tarakimu zitajwe kinyumenyume, hupima kwa saa kasi ya kuunganisha namba na herufi kwa zamu. Pamoja na mahojiano huchukua saa 4 hadi 6, pengine siku mbili.

Alama peke yake hazithibitishi kitu. Korti itauliza: kabla ya ajali alikuwaje? Kusanyeni vyeti vya shule, barua za kazi, na vitabu vya bohari alivyojaza kabla na baada ya ajali. Hivyo vitabu ni ushahidi mzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Ongezeni fomu ya P3 (ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha) na karatasi za hospitali zenye alama ya fahamu ya Glasgow. Alama 13 hadi 15 ni jeraha dogo, na wengi wa kundi hilo hupona ndani ya miezi mitatu hivi. Kama yeye yumo humo, ripoti lazima ieleze kwa nini dalili zimebaki. Huzuni, maumivu, kukosa usingizi na baadhi ya dawa huleta usahaulifu uleule, na wakili wa bima atapenyea hapo.

Atapenyea pia kwenye viwango vya kulinganishia. Vipimo vingi vilisanifiwa Marekani na Ulaya. Mtu aliyesoma miaka minane Malindi akilinganishwa na wa huko ataonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Mwulizeni mtaalamu mapema atatumia viwango gani, na apimwe kwa lugha anayoimudu zaidi. Mkalimani akihitajika, asiwe wewe wala ndugu.

Siku hiyo alale vya kutosha, ale, avae miwani yake, na dawa zake atumie kama kawaida na kuzitaja zote. Asifanye mazoezi ya vipimo kutoka intaneti.

Ripoti haisemi dereva ana kosa, wala haimfungi hakimu: ni maoni ya mtaalamu, naye ataulizwa maswali kizimbani. Mara nyingi hupimwa tena baada ya mwaka ili kujua kilichobaki ni cha kudumu, lakini kesi yenyewe isisubiri hadi ipite miaka mitatu tangu ajali, kwani ndio muda wa sheria ya Kenya kwa madai ya namna hii.