Maswali ya bustani: shu inayochanua Julai, na udongo wa kichuguu

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kwa watu wanaolima mboga Lubumbashi na pembezoni mwake. Nimeyafupisha kidogo.

Nilipanda shu (kabichi) ya Kichina mwezi wa sita. Kabla haijatoa majani ya kuuza, imetoa maua ya njano. Je, nimeuziwa mbegu mbovu? (Mama wa Katuba)

Mama, kabla ya kugombana na muuza mbegu, kumbuka usiku wa Juni ulivyokuwa. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na katikati ya kiangazi, msimu usio na mvua, usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Shu ya Kichina ikipigwa baridi ingali changa, hukimbilia kuchanua. Mche uliozeeka kitaluni, ukang'olewa mizizi ikakatika, huharakisha zaidi. Usiku funika kitalu kwa gunia juu ya fito. Hamisha miche ikiwa na majani manne au matano, jua likishazama, na usiiache ione kiu. Mimi mwenyewe kwa baridi hiyo napanda shu ya kufunga, ile inayoviringa kichwa. Lengalenga (mchicha) nayo nangoja joto, maana ikipandwa Juni inadumaa tu.

Nyanya zangu zinaoza kitakoni zingali mbichi, zinakuwa nyeusi. Nimepiga dawa mara tatu. (Baba wa Ruashi)

Baba, acha dawa, unamwaga franka bure. Chuma moja uigeuze. Baka liko upande ulio mbali na kikonyo, ni kavu, limebonyea kama mtu amelikandamiza kwa dole gumba. Hakuna mdudu hapo wala ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisi (kalsiamu), na kalisi husafiri ndani ya maji. Majani huyavuta maji kwa nguvu kuliko tunda, kwa hiyo kitako cha nyanya ndicho kinachofikiwa mwisho.

Sasa niambie unamwagilia vipi. Namjua mtu anayebeba bidoni kumi za maji Jumamosi, kisha mpaka Jumatano mgongo unamuuma na shamba linangoja. Nyanya haivumilii kushiba leo na kufunga kesho. Heri maji kidogo kila asubuhi, na juu ya udongo utandaze nyasi kavu unene wa kiganja, zisiguse shina. Mbolea ya yurea nayo upunguze: inaleta majani mengi, na majani hayo ndiyo yanayolinyang'anya tunda maji. Usipalilie kwa kina karibu na shina, utakata mizizi ile ile inayokunywa. Yenye baka yatoe, hayaponi. Yatakayofuata yatakuja mazima.

Jirani anamwaga udongo wa kichuguu kwenye matuta yake. Ni imani ya wazee au kuna kitu? (Kijana wa Kasapa)

Kuna kitu, tena kikubwa. Udongo wetu mwekundu una asidi, mvua za miaka na miaka zimeuosha. Mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na vile vichuguu vikubwa vya kwetu, vinavyopita nyumba kwa urefu, ndani vina chokaa. Ukitaka kuhakikisha, vunja bonge lililotoka katikati, tafuta vipunje vyeupe, vikamulie ndimu. Vikitoa povu, chokaa ipo. Inapunguza asidi na kuleta ile kalisi niliyomwambia Baba wa Ruashi.

Ila udongo huo hauna mboji ya kutosha, na ukikauka ni mgumu. Mwaka niliojifanya mjanja nikaujaza peke yake, tuta liligeuka tofali, na miche ya vitunguu ikabaki juu kama imepigiliwa misumari. Si ajabu wafyatua tofali nao wanavigombania vichuguu. Siku hizi naponda, nachekecha, nachanganya debe moja na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri.

Tuta liinuliwe au liwe bapa?

Inategemea mwezi. Mvua zikishika, Novemba mpaka Machi, inua sentimita 20 hivi, la sivyo mizizi inakosa hewa na majani yanapauka. Ikifika Mei fanya kinyume: chota udongo wa katikati uuweke pembeni, panda humo chini, maji yabaki kwenye mmea. Watu wengi wanatumia tuta moja mwaka mzima, halafu kiangazi wanalalamika kwamba maji yanakimbilia njiani.

Karoti zangu zina miguu miwili.

Samadi mbichi, mawe, au ulizihamisha kutoka kitaluni. Karoti haihamishwi. Lainisha udongo sentimita 30, sia papo hapo, kisha punguza miche mpaka vidole viwili vipite kati ya mmoja na mwingine.

Bustani yetu iko upande unaopokea upepo wa bomba la moshi la zamani la kiwanda cha shaba. Tukitia chokaa na samadi nyingi, mboga zitakuwa safi? (Akina mama, kikundi cha wakulima)

Zitakua vizuri zaidi, ila usafi ni jambo lingine. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na vumbi lake limelala ardhini, pale eneo la Penga Penga ndipo linapojulikana zaidi. Chokaa na mboji huishika shaba isiunguze mizizi, ndiyo maana mmea unanyanyuka. Lakini ardhini kuna metali zenye sumu pia, kadimiamu na risasi (ledi), na mboga za majani huzibeba kuliko matunda. Kuziosha kunaondoa vumbi la juu, hakutoi kilichopitia mzizini.

Hapo mlipo pandeni mahindi na nyanya. Lengalenga, matembele na shu zipandeni kwenye magunia au masanduku yenye udongo ulioletwa kutoka mbali na bomba, na mzimwagilie maji ya kisima, si ya kijito kinachopita machimboni.