Mafuriko ya Tana Hayangoji Mvua ya Kwenu

Juzi dada mmoja wa upande wa Bura, kando ya mto Tana hapa Kenya, aliniandikia: "Huku kwetu hata mvua ya maana haijanyesha, mbona watu wameanza kuhamisha mbuzi?" Nilicheka, kisha nikaudhika, kwa sababu swali hilohilo niliulizwa mimi mwaka 2024 na watu wa nyumbani kwangu, tena kwa kejeli. Nimeona nimjibu hapa ili na wengine wasikie.

Dada yangu, mto wetu haujazwi na mvua yetu. Tana inaanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, inapita mabwawa matano, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo inateremka Garissa, Hola na Garsen mpaka baharini kule Kipini. Masinga ndilo la juu na ndilo kubwa kuliko yote. Likifika mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, limejaa. Kinachozidi hapo kinamwagika chenyewe, na hayo mengine manne ni madogo, hayana ubavu wa kukizuia. Mvua ya Nyeri na Murang'a inaweza kukufikia mlangoni siku kadhaa baadaye, jua likikuwakia utosini.

Hili nililijua tangu mafuriko ya 2018, na yale ya El Niño mwishoni mwa 2023 yakanikumbusha. Kwa hiyo Aprili 2024, tahadhari za KenGen, kampuni ya umeme inayosimamia mabwawa hayo, ziliposomwa redioni, nilianza kufunga vitu. Shemeji yangu akasimama uani, akatazama juu, akaniuliza, "Shemeji, mvua yenyewe iko wapi?" Mavyaa akasema mimi ndiye ninayeliita balaa. Jirani mmoja yeye akaenda kueneza kwamba nimegombana na mume wangu, ndiyo maana nabeba vyombo mchana kweupe.

Nikabeba. Cha kwanza kilikuwa ndoo. Ilikuwa ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita ishirini, yenye kifuniko cha kubana. Ndani nilitia vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, vyeti vya shule, karatasi za shamba, na mbegu za mahindi na pojo zikiwa kwenye chupa za soda zilizokaushwa vizuri. Kifuniko nikakizungushia blada ya baiskeli, nikaivuta mpaka vidole vikauma. Ndoo ya namna hiyo hata ikiponyoka inaelea. Kuku nikawatia tengani, mbuzi wakatangulia na kijana wangu mkubwa kwenda kwa dada yangu, juu kwenye mwinuko karibu na lami. Mavyaa aliapa hahami. Nikamchukua jogoo wake nikampandisha bodaboda, na jioni mwenyewe akaja kumfuata. Kununa alinuna, lakini alikuja.

Maji yaliingia usiku. Sitasimulia yote. Ila shemeji yuleyule alinipigia simu akiwa juu ya paa, chaji imekaribia kuisha, akiulizia namba ya mtu mwenye mtumbwi. Nilikuwa nayo. Asubuhi alipofikishwa nchi kavu hakunitazama usoni, na mpaka leo hilo halijazungumzwa mezani kwetu. Mimi sikulitaja, lakini siwezi kusema sikufurahi.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Watu wa msaada walipokuja kuandika majina, waliandika waliokuwa kambini. Sisi tuliojihamisha wenyewe tukaambiwa hatukuathirika, kwa kuwa hatukulala kwenye hema. Nyumba ya udongo imeyeyuka mpaka imebaki miti mitupu, migomba imelala, lakini kwenye orodha hatumo! Nilimwuliza mwandishi wa majina, je, ningewaacha watoto wazame kwanza ndipo niandikwe? Akaniambia nifuate utaratibu. Waliokuwa wakinicheka wakapata magodoro na unga. Mimi nikapata pole.

Ndiyo maana nasema, dada yangu, kuhama mapema peke yake hakutoshi. Kabla hujatoka, nenda kwa naibu chifu na karatasi: jina lako, kijiji, idadi ya watu na mifugo, na mahali unapoenda. Baki na nakala, iingie ndooni. Piga picha nyumba ikiwa imesimama, na maji yakishuka piga tena, alama ya tope ukutani ionekane. Mume wako akisema unasumbua maofisa, mwache aseme.

Halafu uwe na mtu Garissa au Madogo. Namba yake iandike pia kwenye daftari, isikae kwenye simu tu. Wao maji yanawafikia kabla yetu, na mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mto ukipanda kwao, kwako ni kuondoka tu, si kuitisha kikao. Ondoka bodaboda zikiwa bado na bei ya kawaida. Njia ikishakatika utapanda mtumbwi kwa bei ya anayekuona umekwama, na utaupanda kwenye maji ambayo mamba na viboko nao wametawanyika.

Narudia: ondoka mapema. Tunapenda kusema ni mipango ya Mungu, lakini Mungu huyohuyo ametupa masikio ya kusikia redio. Mwanamume atakesha akifuatilia matokeo ya mpira, ila ukimwuliza Masinga imefika wapi anakutumbulia macho. Wazee wetu wanahesabu miaka kwa mafuriko, ya 1961, ya 1997, halafu kila masika tunashangaa upya kama wageni wa mto huu. Tuache hayo.

Na msikimbilie kurudi. Mei 2024, wakati watu wanafurahi kwamba maji yanashuka, Wizara ya Afya ilikuwa ikitangaza visa vya kipindupindu hapahapa Tana River. Visima vimeingiliwa na maji ya vyoo, na kwa macho huwezi kuona. Chemsha maji, au tia dawa ya maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, hata kwa yale ya kuoshea vyombo. Nyumba ingia mchana na fimbo mkononi, uanze kupekua chini ya kitanda na nyuma ya mitungi, maana nyoka nao walikuwa wakitafuta pakavu.

Aliyeniuliza, nitumie jina la kijiji chenu. Nina namba ya mwenye mtumbwi wa upande huo, mtu mwaminifu, lakini mpigie sasa, mkubaliane bei kabla mto haujapanda.