Hedifoni ikitoa sauti mbovu kwenye Zoom, usikimbilie kupiga Windows

SWALI: Fundi, assalaam alaykum. Nipo Unguja, nawafundisha wageni Kiswahili kwa njia ya Zoom. Nimenunua hedifoni zisizo na waya, za Bluetooth, nikaziunganisha na kompyuta yangu mpakato yenye Windows 10. Taarabu inalia vizuri mno. Darasa likianza tu, wanafunzi nawasikia kama watu waliofungiwa ndani ya pipa, na wao wanailalamikia sauti yangu. Fundi wa mtaani kwetu kasema draiva imekufa, anataka shilingi 30,000 apige Windows upya. Nimpelekee Jumamosi?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. Usimpelekee. Ushahidi umeshautoa mwenyewe: taarabu inalia vizuri. Draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) iliyokufa haichagui kati ya wimbo na darasa.

Hedifoni kama zako hupokea sauti kwa njia mbili, na mbili hizo hazifanyi kazi kwa pamoja. Ya kwanza inaitwa A2DP. Hii huenda upande mmoja tu, kompyuta inatuma na sikio linapokea, kwa hiyo kuna nafasi ya kubeba sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 au zaidi kwa kila sekunde, kushoto na kulia. Ya pili ni HFP, iliyobuniwa kwa ajili ya maongezi ya simu, hasa ndani ya gari, ili dereva aongee bila kushika simu mkononi. Hapo sauti inakwenda na kurudi, nafasi inagawanywa, sampuli zinashuka hadi 16,000, au 8,000 kwa vifaa vya zamani, na kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja. Zoom ikifungua maiki ya hedifoni, Windows inahamia njia hii ya pili. Hilo ndilo pipa lako.

Dawa yake haitakugharimu hata shilingi. Ndani ya Zoom, bonyeza mshale mdogo ulio kando ya picha ya maiki. Kwenye maiki, chagua ile ya kompyuta yenyewe. Kwenye spika, chagua hedifoni zako, lile jina lenye neno Stereo, siyo lenye Hands-Free. Usihofu mwangwi, kwani sauti za wanafunzi zitabaki masikioni mwako na hazitaifikia maiki. Kama nyumba ina kelele, maiki ya waya ya kubana kwenye nguo inatosha, na itakufanya usikike vizuri kuliko ile ya hedifoni. Angalia pia kama kuna programu nyingine iliyoshika maiki, kwa mfano ya kupigia simu au ya kurekodi. Moja tu ikiifungua ile ya hedifoni, ubora wa sauti unashuka tena. (Wenye Windows 11 huona jina moja tu badala ya mawili, lakini kwa kawaida ugonjwa na dawa ni vilevile.)

Sasa nizungumze na wengine wanaoniletea jambo hili kila wiki. Hata Windows ipigwe mara kumi, ukifungua maiki ya hedifoni hizo ubora wa sauti utashuka vilevile, kwa sababu mpaka huo umo kwenye njia hizo za Bluetooth zenyewe. Anayekuuzia kazi hiyo ama hajui, ama anajua na anakutoza. Na hasara haiishii kwenye pesa. Niliwahi kuletewa kompyuta ya mwanafunzi aliyelalamikia sauti kama wewe. Fundi alifuta diski nzima bila kuuliza, na tasnifu yake ilikuwa imehifadhiwa humo tu. Sikuweza kuirudisha.

Kingine kinachoniumiza ni hizo Windows zenyewe. Kompyuta iliuzwa ikiwa na leseni halali ya toleo la Home, mtu anakuja kuweka Pro kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye fleshi, leseni inakataa, kisha anaweka kiprogramu cha kuilaghai. Ili kiprogramu hicho kifanye kazi, kwa kawaida lazima kwanza kinga ya virusi izimwe. Kwenye mashine hiyohiyo wewe unaingiza nywila ya barua pepe na ya benki! Programu za bure zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mkupuo nazo ni balaa la namna hiyohiyo. Draiva inatafutwa kwenye Windows Update au kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, basi.

Na wenye kompyuta za mezani: Bluetooth ni redio, ni kifaa. Kama mashine haina, hakuna programu ya kuipakua itakayoiongeza. Nunua kiadapta kidogo cha USB. Usikichomeke jirani na diski ya nje ya USB 3.0, maana vifaa hivyo vikifanya kazi hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz ambayo Bluetooth hutumia, na sauti itakatika-katika.

Mwalimu, fungua Zoom leo jioni, kabla ya darasa. Badilisha maiki kama nilivyosema, kisha jaribu kwa kitufe cha kupima spika na maiki kilicho ndani ya mipangilio ya sauti. Ikiwa hata hapo pipa halijaondoka, niandikie jina la hedifoni na majina yote unayoyaona kwenye orodha ya maiki.