Dalali anataka kodi leo hii. Nilipe?

Msomaji wetu wa Dar es Salaam, binti wa miaka 25, anataka kuhama kwa kaka yake Gongo la Mboto akapange peke yake Sinza, karibu na kazini. Amepata chumba na sebule kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6, dalali anataka ya mwezi mmoja na anamhimiza alipe leo. Akiba yake ni shilingi 1,100,000, na anahofia kwamba kaka yake ataona amedharauliwa.

Binti yangu,

Ukishalipa kodi ya 900,000 na 150,000 ya dalali, utaingia humo na 50,000 mkononi, bila godoro wala mtungi wa gesi, huku ukijua kwamba baada ya miezi 6 utadaiwa 900,000 nyingine kwa mkupuo. Nakusihi uanze na chumba kimoja. Ukipata cha 80,000, utatoa 560,000 kwa jumla na kubakiwa na 540,000, ambazo zitakununulia vitu vya ndani na kukulinda siku utakapougua au mshahara utakapochelewa.

Leo usimlipe mtu yeyote. Wapo waliomkabidhi kodi mtu aliyejiita mwenye nyumba, kumbe naye alikuwa mpangaji tu, na fedha hizo hawakuzipata tena. Nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize nyumba ni ya nani, kisha ulipe kwa mwenyewe, kwa mkataba wa maandishi na risiti. Rudi pale jioni bila dalali, uzungumze na wapangaji: maji yanatoka siku zipi, mvua ikinyesha ua unajaa au haujai, na je, kila chumba kina mita yake ya LUKU? Hili la LUKU lisikilize kwa makini, kwa sababu mnapochangia mita moja, mwenye taa mbili hujikuta akimlipia mwenye friji, na ugomvi wake hauishi.

Kuhusu kaka yako, usisubiri mpaka umefunga mizigo. Mweleze sasa, mshukuru kwa miaka aliyokuhifadhi, kisha mwombe afuatane nawe kukiona chumba na awe shahidi wako siku ya kutia saini mkataba.